Kijiji Kilichosoma Midomo

Mwaka 1981 dunia nzima iliagizwa iwakumbuke walemavu. Zuwena Majaliwa, ambaye alikuwa akiwakumbuka tangu miaka kadhaa nyuma bila kuagizwa na mtu, aliona sasa zamu yake imefika. Alikuwa mhadhiri msaidizi wa elimu maalumu katika chuo kikuu, idara changa yenye watu wachache kiasi kwamba mmoja wao akishikwa na mafua, idara nzima inapiga chafya.

Mama yake, Bi Mwaisha, aliyeuza vitumbua nyuma ya soko la Shinyanga, hakuwahi kuielewa kazi hiyo barabara. Majirani wakimwuliza, aliwaambia bintiye anasomea uziwi, na kwamba somo lenyewe limemkolea, maana akitajiwa habari ya kuolewa hasikii hata neno.

Lakini Zuwena alikuwa na posa nyingine kichwani. Ilikuwapo nafasi moja ya kwenda ng'ambo kuchukua shahada ya juu, na waliokuwa wakiikodolea macho walikuwa wawili: yeye na mwenzake Donatus, kijana wa suti moja na maneno mengi, ambaye alikwisha kuandika habari za watoto wasioona wa Dodoma na kuzisoma mbele ya kila aliyekubali kukaa kitako. Mwenye kupendekeza jina alikuwa msimamizi wao, Dakta Hatibu. Huyu alimwambia Zuwena wazi: nenda kwenu, uniletee jambo ambalo halijaandikwa na mtu. Mwezi wa nane kutakuwa na mkutano wa mkoa pale Shinyanga kuhusu walemavu. Utalisoma mbele ya wakubwa, nami nitakuja kusikiliza, na hapo ndipo nitakapojua jina la kupeleka.

Basi Zuwena akarudi kwao. Idara ya elimu ikamwazima Land Rover, gari zuri sana kwa kutazamwa, nalo likampeleka mpaka kijiji cha Mwashilunde, mbele ya Mwakitolyo, huko ambako barabara huanza kujiuliza kama ina sababu ya kuendelea. Mwendo wa mwisho, kutoka kilimani hadi shuleni, gari lilizima kabisa, na wakaingia kijijini likiwa linasukumwa, kimya kama jeneza.

Alifikia kwa Philomena, Mama Athanas, mwanamke ambaye kicheko chake kilikuwa kinafika mahali kabla yake. Mumewe, alisema, yuko shambani. Wanaume wengi wa Mwashilunde walikuwa shambani. Walikuwa shambani katikati ya kiangazi, ardhi imepasuka kama kisigino, na walirudi jioni wakiwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Zuwena, mtoto wa mjini, aliwasifu moyoni kwa bidii yao ya kilimo.

Mashine ya kupimia masikio ilikuwa bado bandarini Dar es Salaam, inasubiri sahihi ya mtu aliye likizo. Kwa hiyo Zuwena akatumia kipimo cha sauti alichofundishwa chuoni, ambacho hakitaki umeme wala bandari. Mtoto anasimama darasani peke yake, uso ukutani. Mwalimu anamweleza kwanza, kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma, kile cha sokoni: nitakaa nyuma yako, nitaita jina lako, ukisikia tu, geuka. Mtoto anaitikia, ndiyo mwalimu, kwa adabu zote. Kisha mwalimu anarudi nyuma na kuita kwa mnong'ono. Asipogeuka, anaita kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka tena, anaita kwa sauti ya mama aliyeona mbuzi wameingia kwenye mihogo.

Athanas, mtoto wa Philomena, alikuwa wa kwanza. Zuwena alinong'ona, akaita, akapiga kelele za mbuzi na mihogo. Athanas alisimama kama nguzo ya simu. Akaja wa pili, nguzo. Akaja wa tatu, nguzo, huyu hata shingo yake ilikakamaa. Siku ile na kesho yake Zuwena aliwaita watoto wa Mwashilunde mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyegeuka.

Nasema hakuna, lakini alikuwapo mmoja: Melania binti Pantaleo, msichana wa miaka kama tisa, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia. Huyu aligeuka hata kabla ya kuitwa. Alipoitwa akageuka tena. Kisha akageuka kuona kama ataitwa, akatabasamu, akageukia ukutani, akageuka. Zuwena, aliyekuwa amekata tamaa na masikio ya kijiji kizima, nusura ambusu. Akampa alama ya juu kabisa na kuandika pembeni kwamba huyu ana usikivu wa ajabu.

Sasa, mtu mwingine yeyote angejiuliza: hawa viziwi walinijibuje ndiyo mwalimu? Mtu mwingine angejiuliza. Zuwena alikuwa amesoma vitabu. Alikumbuka kwamba viziwi hodari huweza kumwelewa msemaji kwa kumtazama midomo, na papo hapo mambo yakamnyookea: watoto wa Mwashilunde walikuwa wakisoma midomo, tena kwa ustadi ambao haujapata kuonekana popote, na walikuwa wameupata bila mwalimu. Chanzo cha uziwi wenyewe aliona huenda ni maji ya kisima. Dereva alipolipata gari katika hali ya kuwaka, alikwenda nalo mjini na telegramu ya Zuwena kwa Dakta Hatibu.

Jibu lilirudi likiwa refu kuliko telegramu zote ambazo karani wa posta alikuwa amewahi kuzipokea. Dakta alikuwa amefurahi kupita kiasi. Alikwisha kuwaambia watu wizarani, na angekitaja kijiji hicho yeye mwenyewe katika kufungua mkutano. Zuwena alilisoma akiwa amesimama, akakaa, akalisoma tena. Aliuona uwanja wa ndege wa ng'ambo, na yeye anashuka ngazi na koti zito.

Kijiji nacho hakikuipokea habari vibaya. Mwenyekiti aliulizia kama viziwi wana fungu lao serikalini. Aliposikia kwamba maji yanatiliwa shaka na huenda kikachimbwa kisima kipya, aliwapitia watoto mmoja mmoja na kuwaomba waendelee vivyo hivyo.

Mambo yaliharibiwa na kashata. Bi Mwaisha alikuwa amemfungashia bintiye kashata za karanga, za sukari iliyopatikana kwa kujuana, na Zuwena alizisahau mpaka wiki ya mkutano. Alasiri moja, akiwa ndani anapanga mzigo, watoto wanacheza mbali huko chini ya ua wa minyaa, alimwambia Philomena kwa sauti ya chini kwamba kumbe ana kashata. Hakumaliza. Mlango ulikuwa umejaa. Athanas alikuwa mbele, amenyoosha mikono miwili kama anayepokea ekaristi, na nyuma yake walisimama viziwi wote wa elimu maalumu, wamepangana kwa urefu.

Zuwena aliwatazama. Akawagawia. Kisha akamwambia Athanas ageuke atazame ukuta, akaita jina lake taratibu, na Athanas, kashata mdomoni, akawa nguzo ya simu.

Melania peke yake ndiye hakuja. Alikuwa bado pale kwenye minyaa, anatazama huku na huku kuona wenzake wamepotelea wapi.

Philomena alicheka mpaka ikabidi akae kwenye kinu. Alicheka, akafuta macho kwa pindo la kanga, akamtazama Zuwena, akaanza upya. Alipopata pumzi alimsimulia, kwanza akiufunga mlango. Wanaume hawakuwa shambani. Nyuma ya kilima kulikuwa na maduara, ndiyo mashimo ya dhahabu, yaliyochimbwa bila kibali cha mtu yeyote. Mgambo waliwahi kuja kuwatafuta wachimbaji. Majina walikuwa nayo, sura hawakuwa nazo. Kwa hiyo walikuwa wakitembea nyuma ya watu kisimani na gulioni, wanaita jina kwa upole, na anayegeuka anapakiwa kwenye lori. Tangu hapo kila mama wa Mwashilunde akamfundisha mtoto wake kabla hata ya kumfundisha kusali: ukiitwa kutoka nyuma na sauti usiyoijua, wewe huna jina.

"Halafu ukaja wewe, mwalimu," alisema Philomena, "na gari la serikali, ukawapanga ukutani ukawaambia wakisikia wageuke. Hata mgambo hawakuwa wazi kiasi hicho."

Zuwena aliuliza kwa nini basi hakuambiwa. Philomena alisema walitaka kumwambia, lakini alikuwa amefurahi mno, wakaona haya.

"Na Melania? Yeye aligeuka."

Philomena aliacha kucheka. "Bubu? Huyo hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo. Ilimwachia uhai ikachukua masikio."

Zuwena aliiona alama ya juu kabisa aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Habari ya mgambo, Philomena aliendelea, ilipita kijijini kwa minong'ono, mdomo kwa sikio, na Melania hakuwa na sikio la kuipokelea. Mgambo waliporudi mara ya pili, watoto wote wakawa magogo, ila yeye alifurahi kuona wageni, akamshika mkubwa wao mkono, akampeleka mpaka kwenye duara la baba yake ili amwonyeshe. Pantaleo alikaa rumande mjini mpaka mvua zikaja zikaisha. Tangu hapo gari likisikika, Melania anafungiwa ghalani. Hajui kwa nini. Nani angemweleza, na kwa mdomo gani? Na siku ya Zuwena hakufungiwa kwa sababu gari lilikuja linasukumwa, hakuna aliyelisikia.

"Ila mwalimu," alisema Philomena, "haya ya kilimani yasifike mjini."

Zuwena aliahidi, na alipokwisha kuahidi ndipo alipoona alichokifanya. Angeweza kusimama mkutanini na kusema kwamba watoto wanasikia. Lakini asingeweza kusema kwa nini hawakugeuka, na mtafiti anayesema nimekosea bila kusema amekoseaje ni mpumbavu tu mwenye karatasi. Au angeweza kunyamaza na kusoma kama alivyoandika. Kijiji kingefurahi, wizara ingefurahi, mwenyekiti angepata kisima chake, naye angepata koti lake zito.

Dakta Hatibu alitua uwanja wa ndege wa Ibadakuli akiwa na Donatus, suti ile ile, na begi lililojaa hotuba. Zuwena alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya furaha, na kabla gari halijafika mjini alikuwa amekwisha kumwambia kwamba watoto wa Mwashilunde wanasikia kuliko yeye na dereva.

Dakta hakukasirika, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alivua miwani, akaifuta, akauliza, kama wanasikia, kwa nini hawakugeuka. Zuwena akasema walikatazwa. Na nani? Zuwena akatazama nje, kwenye mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa.

"Mwalimu, nikilitaja hilo, kuna baba za watu watalala ndani."

Dakta Hatibu alifikiri mpaka wakafika soko kuu. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akibanwa hutafuta maneno laini. Alimshauri asome kama alivyoandika, ila aseme kwamba ni matokeo ya awali. Neno awali, alisema, limewaokoa wengi kwenye idara yetu. Donatus, kiti cha nyuma, alianza kukohoa kwa namna ya mtu anayeficha kicheko, kisha akajifanya ni vumbi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mstari wa mbele walikaa wakubwa wa mkoa, na kati yao, kofia magotini, kamanda wa mgambo. Dakta Hatibu alifungua mkutano bila kukitaja kijiji chochote, hotuba ikatoka fupi na yenye shimo katikati, akamkaribisha mwanafunzi wake. Bi Mwaisha alikuwa nyuma kabisa, amefunga biashara ya vitumbua kwa siku nzima, amevaa kanga mpya.

Zuwena alikuwa na karatasi ya matokeo ya awali mkononi. Akaisoma mstari wa kwanza, ule wa salamu. Kisha akaiweka chini.

"Niliwapima watoto wa kijiji kimoja," alisema, "nikaandika kwamba wote hawasikii isipokuwa mmoja. Ukweli ni kinyume. Wote wanasikia isipokuwa huyo mmoja, na huyo ndiye niliyempa alama ya kwanza."

Ukumbi ulicheka. Haukucheka kwa ubaya, ulicheka kama watu wanavyomcheka anayeanguka na trei ya chai. Kamanda wa mgambo, akiwa mtu wa kupenda kujua, alinyoosha kidole akauliza ilikuwaje basi watoto wazima wasigeuke wakiitwa. Zuwena alimtazama usoni. Akasema kosa ni lake, aliwaeleza vibaya, Kisukuma chake ni cha sokoni. Wakacheka tena, na safari hii aliwasikia hata waliokuwa nje dirishani. Bi Mwaisha, aliyemfundisha Kisukuma hicho, aliinamisha kichwa.

Lakini Zuwena hakushuka. Alisubiri kicheko kiishe, kisha akawasimulia kuhusu mtoto asiyesikia, bila kumtaja jina wala kijiji. Alisema anageuka mchana kutwa kwa sababu ndiyo njia yake pekee ya kujua lililopo nyuma. Pale kwao kila kitu hupita kwa mdomo: nani kafa, nani kaolewa, wapi pana hatari, leo twende wapi, na mtoto yule huona tu midomo inacheza na watu wanaondoka. Huadhibiwa kwa makosa ambayo hakuna aliyewahi kumweleza. Alisema, sisi tunapima masikio ya mtoto, na hatujapata kupima ni mangapi tunamwambia. Hapo ukumbi haukucheka. Wala haukupiga makofi sana. Saa ya chai ilikuwa imefika.

Nje, Dakta Hatibu alimpa kikombe na kumwambia kwamba jina la Donatus ndilo litakalokwenda. Asingeweza kupeleka ng'ambo utafiti ambao mwenyewe kauvunja jukwaani. Zuwena alisema anaelewa. Dakta akazunguka zunguka pale, akaonja chai, akasema ina sukari, ajabu. Mwishowe akasema mtoto yule asiachwe. Zuwena arudi kwa mtoto huyo, akae, aandike. Idara haina fedha, alisema, ila karatasi ipo.

Bi Mwaisha alipokea habari kwa namna yake. "Wenzako wanakwenda Ulaya, wewe unakwenda Mwashilunde. Haya mwanangu, ukifika tuletee zawadi." Kisha akaingia ndani, akapika kashata kwa sukari yote iliyokuwamo nyumbani, huku akinung'unika kuhusu Kisukuma cha watu wengine.

Mwashilunde walimpokea Zuwena kama mtu aliyefiwa. Habari za ukumbini zilikuwa zimemtangulia, na Philomena alimkumbatia bila kucheka, jambo lililomtisha. Mwenyekiti alisikitika kuhusu kisima. Pantaleo, baba wa Melania, mtu mrefu mkimya, alileta jogoo, akamweka mlangoni akaondoka bila kusema jogoo huyo ni wa nini.

Zuwena aliwakusanya watoto, akawaambia kwamba kazi sasa ni moja: kumweleza Melania yaliyopata kijiji. Kwa mikono, kwa miguu, kama wanavyojua wao. Akadhani itachukua miezi. Kumbe watoto walikuwa wameisubiri ruhusa hiyo tu. Athanas aligeuza sufuria ikawa kofia ya mgambo, akatembea kifua mbele nyuma ya mwenzake, akamgusa bega kwa jinsi ya kuita. Mwenzake akageuka, akakamatwa, akatupwa kwenye lori, ambalo lilikuwa mkokoteni wa punda. Wakarudia. Mara ya pili aliyeguswa hakugeuka, na mgambo wa sufuria akapita zake akijikuna kichwa. Kisha msichana mmoja akajifanya Melania: akamshika mgambo mkono, akamwongoza akirukaruka, mpaka kwa mvulana aliyekuwa anachimba ardhi kwa fimbo. Mvulana akafungwa kamba. Msichana akaingizwa ghalani, mlango ukafungwa.

Melania alitazama bila kugeuka hata mara moja. Walipomaliza, alitembea mpaka kwa mvulana mwenye kamba, akaigusa. Akatazama ghala. Akamtafuta baba yake kwa macho, akamwona kwenye kona ya nyumba, na Pantaleo akaitikia kwa kichwa, polepole, ndivyo ilivyokuwa.

Zuwena alijiandaa kwa kilio. Alikuwa na leso tayari. Lakini uso wa Melania ulipandwa na hasira, hasira safi ya mtu aliyegundua kwamba kijiji kizima kilijua, wakubwa kwa wadogo, mpaka mwenye makamasi yule wa mwisho, isipokuwa yeye. Akaketi chini katikati ya uwanja, akawapa wote mgongo. Athanas alipojaribu kumzunguka, alifumba macho. Alipofumba macho, hapakuwa tena na njia ya kumfikia.

Watoto walimtazama Zuwena. Philomena alitaka kusogea, Zuwena akamzuia kwa mkono. Ndipo Pantaleo alipotoka konani na kiazi cha kuchoma. Akachuchumaa mbele ya bintiye, akakishika karibu na pua yake. Melania alifumbua jicho moja, akaona ni nani, akageukia upande wa pili. Pantaleo akainuka, magoti yakalia, akazunguka, akachuchumaa tena. Melania akageuka. Baba akazunguka. Kiazi kilianza kupoa, na mtu mzima yule, mbele ya kijiji kizima, aliendelea kuzunguka kama ng'ombe wa kupura mpunga, mpaka Zuwena akaona mabega ya mtoto yanaanza kutikisika, na akasogea upande ajue kama ni kilio au ni kicheko.